Dakika Nne za Kusubiri Idhini

Saa nne asubuhi, mwanamke mmoja katika mji wa Solvika alipiga simu akipiga kelele kwa Kivietinamu kwamba mwanawe amemeza kifungo cha shati. Mpokezi alimjibu kwa Kivietinamu kabla simu haijaita mara ya pili. Mpokezi hakuwa mtu. Ilikuwa mashine iliyojaza ukumbi mzima chini ya ardhi, yenye kujua lugha mia moja na arobaini, na simu zote za dharura za mji ule zilipita kwake. Wakati mama anaelekezwa jinsi ya kumwinamisha mtoto na kumpiga mgongoni, ndege-tabibu, chombo kidogo kisicho na rubani, kilikwisha kuruka kutoka paa la jirani. Baada ya dakika mbili mtoto akasikika akilia.

Ghorofa ya tatu, Bupe Mwakalinga alivua visikizi vya masikioni akajifuta macho. Ilikuwa wiki yake ya saba ya mafunzo kwa vitendo, na bado kila mtoto aliyepona alimtoa machozi.

Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhandisi wa lugha za mashine, Mbeya. Walioomba nafasi ile walikuwa mia nne, akachukuliwa yeye peke yake. Baba yake, fundi wa redio pale Tukuyu, alisimama kanisani akalitangaza jambo hilo kabla ya sadaka. Solvika ulikuwa mji wa kaskazini ya mbali, jua la kiangazi halikuzama, na majirani wa bwenini walipishana naye kwenye ngazi kama mtu anayepishana na kabati. Kazini aliongea na watu kupitia kikalimani, kifaa cha sikioni kilichotafsiri kila neno kwa sauti ileile isiyo na mzaha. Kiswahili cha mtu hai alikisikia mahali pamoja tu: kwenye simu za watu waliokuwa matatani.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Asikilize simu za Kiswahili zikiendelea, apime kama Mpokezi ameelewa, aandike maksi. Kuzungumza na mpigaji hakuruhusiwa. Kitufe cha kufungua laini kilikuwepo mezani, lakini mwanafunzi alitakiwa kwanza kuomba idhini ya msimamizi. Aliyemtangulia kwenye kiti kile alibonyeza kitufe hicho bila idhini, akarudishwa kwao wiki hiyohiyo bila cheti.

Siku kumi kabla, Bupe alikuwa amemwandikia msimamizi wake, Bi Torunn, kwamba Mpokezi amefundishwa Kiswahili cha vitabuni, na Wakongo wengi mjini humo hawasemi hivyo. Wao moyo wanauita roho. Bi Torunn alimshukuru. "Maoni mazuri sana," alisema. "Tutayaingiza kwenye toleo la mwezi wa tisa."

Ulikuwa mwezi wa saba.

Saa tano kasoro, simu ya Kiswahili ikaingia. Mwanamume, sauti nzito, ya taratibu, ya mtu aliyelelewa kutosumbua watu. Alijitaja: Byamungu, wa Bukavu, mfanyakazi kwenye mabanda ya mwani.

"Roho iko inaniluma," alisema. "Tangu asubui. Inanifinya."

"Pole sana, ndugu Byamungu," Mpokezi akajibu kwa upole. "Ni jambo gani limekuumiza roho?"

"Sijue. Iko inaniluma tu."

Kwenye kioo cha Bupe ikatokea rangi ya kijani: *Huzuni. Ngazi ya tano, ya chini kabisa. Hakuna hatari ya mwili.* Bupe akaomba idhini papo hapo. Kioo kikajibu kwamba msimamizi yuko kikaoni, ombi limepokelewa.

"Kulia si aibu," Mpokezi alikuwa akisema. Mashine ilisikia pumzi za yule baba zikikatika, ikazihesabu kuwa kwikwi za kilio. "Tuvute pumzi pamoja. Moja. Mbili."

Na yule baba akatii. Hilo Bupe hakuja kulisahau: mtu mzima alijaribu kuvuta pumzi kama alivyoambiwa, akashindwa, akaomba radhi.

Bupe alituma ombi la pili, na la tatu. Alisimama akatazama mlango wa chumba cha kikao, akaketi. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Akilini alimwona baba yake mwenyewe amesimama kanisani. Akajiambia, labda nimekosea, labda kweli ni huzuni. Alijua anajidanganya.

Dakika ya nne ikapita. Akabonyeza.

"Baba! Baba Byamungu, unanisikia? Naitwa Bupe, ni mtu. Naleta daktari sasa hivi!"

Alisikia kikombe kikianguka. Ndege-tabibu ilifika baada ya dakika tatu, ikamkuta ameegemea jokofu. Hakuamka.

Kamati ya kituo ilikutana mara moja tu. Mpokezi alikuwa amefuata utaratibu. Dakika nne ziliandikwa *muda wa kusubiri idhini*, na kwa kuwa utaratibu huo uliwekwa na kamati, hakupatikana wa kulaumiwa. Bupe alingoja kufukuzwa.

"Kufukuzwa?" Bi Torunn alishangaa. "Umetusaidia. Neno lile limeingizwa jana usiku. Tungependa urudi ukimaliza chuo."

Toleo la mwezi wa tisa liliwezekana kwa usiku mmoja. Bupe alitaka kulisema hilo, akaona kikalimani kitalitoa bila hasira yoyote, akarudi mezani kwake.

Jumamosi alikwenda msibani. Wakongo walijaa kwenye chumba cha ghorofa ya kumi na moja, viatu vimejaa mlangoni. Alijitambulisha kuwa mwanafunzi wa Tanzania, amekuja kutoa pole. Mjane, Mama Nsimire, alimkalisha karibu naye, akamshika mkono.

"Binti yangu, wewe unasoma mambo ya mashine. Uniambie. Wakati alikuwa anapiga ile simu, kulikuwa mutu mwenye kumusikia?"

Bupe alifungua mdomo. Alikuwa amekuja kusema kwamba alimsikia. Alikuwa ameyapanga maneno ndani ya treni.

"Hapana, mama," alisema. "Ilikuwa mashine peke yake."

Mama Nsimire akaitikia kwa kichwa polepole.

"Afazali," alisema. "Maana kama kungekuwa mutu…"

Hakumaliza. Alimmiminia chai, akamwekea sukari mwenyewe, akamwambia anywe ingali moto. Bupe akanywa.