Babu Achagua wa Kumsemea

Kila alasiri, akishavua sare ya shule na kula alichobakishiwa, Sindano alikwenda kwenye kibanda cha babu yake kuokota pini. Jina hilo binti huyo alipewa na Babu mwenyewe kwa wembamba wake na kwa maneno yake yanayochoma. Wazazi wake walifanya kazi mji mwingine, naye aliishi na shangazi yake mtaa huo huo. Alipitisha sumaku chini ya meza ya kukatia, kisha akamtungia Babu uzi, maana macho ya mzee yalishaanza kumgomea.

Babu alikuwa fundi cherehani mwenye sharti moja. Hakati kitambaa mpaka mvaaji na mlipaji wasimame mbele yake pamoja, kila mmoja amsikie mwenzake.

"Nilimshonea kijana mmoja suruali ya kubana, kama alivyotaka," alipenda kusimulia. "Baba yake alipokuja kulipa, akainyanyua, akaniuliza kama ni suruali au soksi!"

Lakini wiki hiyo Babu hakuwa na masihara. Alikuwa na uvimbe shingoni, na daktari alimpangia upasuaji. Siku hiyo aliacha kukanyaga cherehani, akamwita mjukuu wake karibu.

"Sindano, nina neno la kukupa, ulitunze."

Akamweleza. Kama mambo yatakwenda vibaya kule hospitali na bado kuna tumaini la kupona, watumie mashine zao zote. Lakini wakishaona kwamba hatazinduka tena, wasimfanye alivyofanywa Bibi, aliyekata roho na mipira puani, mikono imefungwa kitandani asiichomoe. Wampunguzie maumivu, wamrudishe nyumbani. Na wa kumsemea awe shangazi, si baba mkubwa.

"Wakubwa wa hospitali hawamwulizi mtu," alisema kwa uchungu. "Walizungumza juu ya kichwa cha bibi yako kama mzigo uliosahauliwa stendi. Basi siku hiyo ikifika, wewe ndiye utakayewaambia. Kabla ya hapo, kimya! Baba yako mkubwa akijua sikumchagua yeye, hapatakalika hapa."

Sindano aliitikia. Lakini kesho yake darasani, hesabu ubaoni zilimpita kama mvua juu ya bati. Alijiona amesimama mbele ya madaktari na sare yake, akisema, "Babu alisema..." Nani angemsikiliza? Baba mkubwa angemwambia akacheze nje. Neno la Babu lingepotea, na Babu angefungwa mikono.

Alasiri ile hakugusa sumaku.

"Babu, sitaweza kuitunza siri yako."

"Hutaweza, au hutaki?"

"Sitaki pia. Babu, kwa suruali ya mtu unataka mvaaji na mlipaji wasikilizane. Kwa mwili wako mwenyewe unataka iwe siri na mimi?"

Babu alimkazia macho. "Ondoka mbele yangu!"

"Siondoki mpaka umwite baba mkubwa. Ukikataa, ninamwambia shangazi leo hii."

Mzee alikanyaga cherehani kwa hasira, lakini hapakuwa na kitambaa chini ya sindano. Alipogundua, akashusha pumzi ndefu.

"Jina nilikupa mwenyewe," alinung'unika. "Kawaite wote."

Jumapili wakakutana kibandani. Babu alisema yote bila kuzunguka. Shangazi akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Baba mkubwa, fundi redio, mtu mnene mwenye sauti ya kipaza sauti, akasimama.

"Baba, unajitakia mabaya kabla hujalazwa! Na mimi ndiye mkubwa. Watu watasema nini wakisikia mdogo wangu ndiye anayekusemea?"

"Wewe hukubali kitu kufa," Babu alimjibu. "Dukani kwako kuna redio iliyozimika zamani, mwenyewe kashaisamehe, na bado unaichokonoa. Nikilala pale utawaambia waendelee tu, kwa mapenzi yako. Sitaki kufanywa kama mama yako. Wale madaktari..."

"Madaktari waliniuliza, Baba." Sauti ya baba mkubwa ilishuka ghafla. "Wewe ulikuwa umetoka nje. Wakaniuliza kama mama alishasema chochote. Sikujua kitu. Nikaogopa, nikasema wafanye kila wawezalo. Ungeulizwa wewe, ungejibu nini?"

Babu aliinamisha kichwa. Siku zote alikuwa na la kusema juu ya wenye makoti meupe. Sasa alisema, "Hata mimi sikuwahi kumwuliza."

"Kwa hiyo safari hii tujue," alisema Sindano taratibu.

Baba mkubwa alimtazama mtoto, kisha baba yake. "Sawa. Ataongea dada. Ila na mimi niwepo nisikie."

Siku ya kulazwa walikwenda wote. Daktari alikuwa na haraka. "Mzee, hayo tutazungumza ikihitajika."

"Ikihitajika sitakuwa na mdomo," Babu alisema, akakaa kitandani kama aliyegongomewa misumari. "Sivai gauni lenu mpaka uniandikie."

"Mwandikie, daktari," baba mkubwa alisema kwa sauti iliyofika wodi ya pili. "Wote tumemsikia akiwa na akili zake timamu."

Daktari akavuta kiti. Alimwuliza Babu mambo ambayo hata wao hawakuyafikiria, akaandika kwenye jalada, akamsomea. Babu akatia sahihi, na shangazi akatia yake.

"Na ukibadili mawazo?" daktari aliuliza.

"Nitakusumbua tena."

Upasuaji ulikwenda vizuri, na yaliyoandikwa hayakuhitajika. Muuguzi, aliyekwisha kusimuliwa yote na shangazi, alipomkuta Sindano kando ya kitanda, akimnywesha Babu uji, alimwambia, "Ulifanya vyema, binti. Mtoto akipewa siri inayohusu uhai wa mtu, asiibebe peke yake, ampelekee mtu mzima anayemwamini. Na wakubwa tuseme matakwa yetu tukiwa na nguvu, mbele ya watakaoulizwa. Sisi huwauliza ndugu kila siku, na wengi hubaki wakitazamana."

"Wazee wazingatie sana hilo," alisema baba mkubwa, akitikisa kichwa.

Babu akameza uji. Sauti ilitoka kama mlango usiotiwa mafuta.

"Na wewe? Ukiangukia pale dukani leo, nani atakusemea?"

Baba mkubwa alicheka, akatazama huku na huku akitafuta wa kucheka naye. Hapakuwa na aliyecheka. Alijikuna kisogo, akavuta kigoda, akaketi.

"Dada, sogea," alisema. "Sindano, na wewe usikie."