Neno Moja Katika Fomu Tatu

"Soma tena hapo kwenye uhusiano, Mama Bosi."

"Mwanangu, nimeshasoma."

"Naomba tena," Mkasi alisema. "Ya kwangu, halafu ya Pasi."

Mama Bosi alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la gauni, akairudisha. Karakana nzima ilikuwa imezunguka meza ya kukatia, vyerehani vimenyamaza. Alikuwa anatafuta msimamizi mpya wa ushonaji wa sare za shule. Mara ya mwisho alichagua kimyakimya, wakamnunia miezi minne. Kwa hiyo asubuhi ile, aliposikia minong'ono imeanza, aliamua kila kitu kisomwe mbele ya watu.

Walioingia mchujo ni wawili: Mkasi, anayekata vitambaa tangu karakana ina vyerehani vitatu, na Pasi, binti wa kunyoosha nguo, mwaka wake wa pili kazini. Kila mmoja alipewa fomu tatu awape watu watatu wanaomfahamu, waandike uwezo wake ni upi. Dereva wa karakana, aliyewaandikia wote wawili, hakujua kama fomu zitasomwa hadharani. Alikuwa barabarani na mzigo.

"Ya kwako," Mama Bosi alisoma polepole. "Aliyeandika: dereva. Uhusiano: mfanyakazi mwenzangu. Uwezo wake: mvumilivu. Basi, ameishia hapo."

"Na ya Pasi?"

"Aliyeandika: dereva. Uhusiano: mchumba wangu. Uwezo wake..." Aligeuza karatasi. "Hapa amejaza mpaka nyuma. Ana akili ya haraka. Anajua mteja amekasirika kabla mteja mwenyewe hajajua. Akicheka, hata..."

"Inatosha, mama," Mkasi alimkatiza.

"Kumbe Dereva ni mwandishi," mtu mmoja alisema kule nyuma, na wachache wakacheka. Hawakujua wanacheka nini. Pale karakana hakuna aliyejua kwamba Mkasi naye ni mchumba wa Dereva, maana Dereva alitaka siri, na Mkasi aliitunza miaka sita.

Miaka sita, na hakusahau hata mmoja. Mwaka wa kwanza harusi ilingoja kaka yake Dereva aoe kwanza. Wa pili ilingoja nyumba iezekwe. Wa tatu ilikuwa safari nyingi za kazi. Wa nne mama yake Dereva aliugua, Mkasi akamwogesha na kumlisha wiki saba, na kwa majirani akatambulishwa kama "dada mmoja wa kazini". Wa tano na wa sita hapakutolewa hata sababu. Mtu akikukalia mabegani muda wote huo, atakosaje kuyasifia mabega yako?

Na si yeye peke yake. Mshona vifungo aliandika: "Mvumilivu, hana neno." Shangazi aliyemlea aliandika: "Mvumilivu." Watu watatu, neno moja, kama waliokaa kikao. Hakuna aliyeandika kwamba Mkasi humtazama mtoto mlangoni mara moja akamkatia shati bila futi ya kupimia, likamkaa.

Aliingia stoo, akasimama katikati ya majora ya vitambaa. Pasi, aliyekwisha kuusoma uso wake, akamfuata.

"Dada, sikujua. Haki ya Mungu sikujua."

"Najua hukujua."

"Aliniambia tufiche, eti kazini watu wana macho."

"Hayo macho hata mimi niliambiwa."

"Unanichukia?"

"Leo sina nafasi."

Pasi alifuta pua kwa mkono wa blauzi. "Nikuulize kitu? Jora likija na doa kwa ndani, unafanyaje?"

"Nalirudisha."

"Hata kama shule zinafunguliwa keshokutwa?"

"Hata kama."

"Na Mama Bosi akikubembeleza?"

"Abembeleze."

"Sisi wote tunakuogopa siku ya kupokea mzigo wa vitambaa, dada. Sasa huyo mvumilivu wa kwenye fomu ni nani? Mimi simjui."

Simu ya Mkasi ikatikisika mfukoni. Ujumbe wa Dereva: "Nimesikia. Usifanye jambo kwa hasira, wewe si mtu wa hivyo. Nakuja jioni tuyamalize."

Akampigia palepale, Pasi akisikia.

"Mpenzi, ile ni karatasi tu," Dereva alianza.

"Uliiandika wewe."

"Yule nilikuwa namsaidia apate cheo. Wewe ungeelewa. Siku zote wewe unaelewa."

Pasi aliinamisha kichwa.

"Ya kwangu uliiandika kwa dakika ngapi?" Mkasi aliuliza.

Upande wa pili ilisikika honi.

"Unajua mimi si mtu wa maneno."

"Umegeuza karatasi ya mwenzangu ukajaza na nyuma."

"Kwa hiyo unaniacha kwa sababu ya fomu?"

"Nakuacha kwa sababu ya miaka sita. Fomu imenisomea tu. Usije jioni, sitafungua."

Akakata. Pasi naye akatoa simu yake, akalifuta jina moja, akarudi kunyoosha nguo.

Kesho yake Mkasi akapewa usimamizi. Mama Bosi alisema fomu hazikumsaidia lolote. Alichotazama yeye ni majora kumi na moja yaliyorudishwa mwaka ule, yote kwa uamuzi wa mtu mmoja. Watu walipiga makofi, kisha wakaenda makwao, kila mtu kwa wake.

Jumapili mchana Mkasi alikaa kitandani, mlango wazi, chumba kimetulia kama cha mtu aliyesafiri. Saa hizi Dereva angekuwa amekuja, au angekuwa ametuma ujumbe wa kutokuja. Hata ule ujumbe wa kutokuja ulikuwa kitu cha kungojea. Akampigia shangazi.

"Mwanangu, mmeshapanga tarehe?"

"Hakuna harusi, shangazi. Ana mwingine."

"Umemkosea nini?"

"Sijamkosea."

"Basi vumilia, mwanangu. Wanaume wana mapito. Wewe..."

"Shangazi."

"Naam."

"Naomba neno jingine. Umenilea tangu nina miaka minne, huwezi kuwa na hilo moja tu."

Mkasi alisikia kiti kikivutwa, mtu akikaa.

"Ulikuwa mbishi," shangazi alisema mwishoni. "Mbishi sana. Mjomba wako alikupangia kuacha shule, ukakaa mlangoni kwake siku nzima umekumbatia madaftari. Mpaka akachoka yeye. Mimi nilikuchapa kwa ubishi ule, mwanangu. Mimi mwenyewe."

Mkasi alihamishia simu sikio la pili, akajifuta uso.

"Endelea," akasema.