Asali Kwenye Kidole

Kila Jumamosi nyumba yetu hapa Ushirombo inanukia asali. Mwanangu Donatus huileta kutoka kwenye mizinga yake porini ikiwa bado kwenye masega, nasi tunaobaki nyumbani tunakamua, tunachuja na kujaza chupa za kuuza. Wakamuaji wangu ni wajukuu wawili. Monika ana miaka kumi na minne na mdomo usiopumzika. Anisia ana miaka kumi na mmoja, na ana kisukari.

Hakukipata kwa kula asali, kama majirani wengine walivyodhani. Mwili wake hautengenezi insulini, basi. Kila asubuhi na kila jioni, kabla ya kula, ananawa, anajichoma kidole na kuweka tone la damu kwenye kijiti cha kupimia. Mashine ndogo inatuonyesha namba. Nikishaiona, ndipo namchoma sindano ya insulini, inayoshusha sukari.

Jumamosi moja vijiti vilikuwa vimekwisha, kimebaki kimoja tu. Kituo cha afya nilikuwa nimekwenda, nesi Rhoda akaniambia, "Bibi, mzigo haujafika. Rudi Jumatatu." Nikazunguka maduka ya dawa. Moja lilikuwa na vijiti, lakini vya mashine ya aina nyingine, haviingii kwenye yetu.

"Hiki ni cha jioni," nilimwambia Anisia. "Tukikiharibu, tumekwisha."

Wakakamua asali mchana kutwa.

"Anisia, nyuki wanakuonea wivu," Monika akamtania. "Wao wanahangaika na maua, wewe sukari unayo mwenyewe mwilini."

"Na wewe wanakuogopa," Anisia akajibu. "Mdomo wako unauma kuliko wao."

Jioni Monika akasimama mlangoni, keshavaa gauni la kanisani. "Fanya haraka! Kwaya inaanza, na mwalimu amesema atakayechelewa haimbi kesho!"

Anisia alikuwa amekaa, mashine iko mapajani.

"Umenawa?" nikauliza.

"Nimenawa, bibi."

Akajichoma kidole, tone likaingia, mashine ikalia. Nikaisogeza machoni. Ishirini na nane!

Mayo! Mama yangu! Asubuhi ilikuwa sita, sawasawa kabisa, na sasa ishirini na nane?

"Umekula asali!"

"Sijala, bibi! Haki ya Mungu, sijala!"

"Hata mimi sikumwona akilamba," Monika akasema, na mara hii hakutania.

"Sasa namba hii imetoka wapi?"

Nesi alishanielekeza cha kufanya sukari ikipanda namna hiyo: niongeze dawa. Nikachukua bomba, nikavuta dawa zaidi ya ile ya kila siku. Jasho lilikuwa linamtoka Anisia kwenye paji la uso, na midomo inamtetemeka. Nikadhani ni woga wa kusemwa.

Akaitazama sindano inavyokuja. Akamtazama Monika mlangoni.

"Bibi, subiri!" Akanishika mkono. "Sikunawa. Nilijifuta kwenye kitenge tu. Maji ya baridi hayatoi asali upesi, na nilitaka kuwahi kwaya."

Nikakishika kidole chake. Kilinata.

Bomba la dawa lilikuwa mkononi mwangu, limejaa, na kijiti cha mwisho kilikuwa kimepima asali.

"Kimbia kwa Mzee Kamili!" nikampigia kelele Monika.

Mzee Kamili ni jirani yetu, mchimbaji wa dhahabu wa zamani. Naye ana kisukari, na mashine yake ni sawa na yetu. Alifika anahema, vifungo vya shati haviko sawa, kopo la vijiti liko mkononi. Monika nyuma yake hata shikamoo aliisahau.

"Nimebakiwa na vichache," mzee akasema, "lakini huyu hawezi kungoja mzigo. Mnawisheni kwa sabuni."

Tukamnawisha kwa maji ya uvuguvugu, tukamkausha. Anisia akajichoma kwa sindano mpya. Mashine ikalia.

Mbili nukta nane.

Mzee Kamili akavua kofia. "Mama Donatus, sukari imeshuka. Ungemchoma ile dawa..." Hakumalizia. "Mpe kitu kitamu! Sasa hivi!"

Nikaangaza macho. Ndani kulikuwa na nini kitamu zaidi ya asali? Nikamlisha kwa kijiko, naye anameza huku machozi yanamtoka.

"Leo umeruhusiwa, na wala huifurahii," Monika akasema, lakini naye alikuwa analia. Kwaya hakwenda.

Baadaye kidogo Anisia akanawa tena. Mzee Kamili akatoa kijiti kingine bila kuombwa. Tano nukta moja. Ndipo nikakaa chini.

Jumatatu tukaenda kituoni wote watatu, mimi, Anisia na Mzee Kamili. Mzigo ulikuwa umefika. Nilipomsimulia nesi Rhoda, akajiziba mdomo kwa mkono. Kisha akamvuta Anisia karibu.

"Mashine haikukudanganya. Inapima kilichopo kwenye kidole, ukiipa asali inasoma asali. Na bibi yako naye anapima kwa neno lako. Ukimwambia umenawa, anachoma sindano kwa neno hilo. Ulikosea, lakini ulisema kweli kabla sindano haijaingia. Ndiyo maana uko hapa leo."

Akanigeukia. "Nawe bibi, namba ikikushtua, mnawishe upya, mpime upya, ndipo uongeze dawa. Na akitetemeka au kutoka jasho, usidhani ni woga, huenda sukari imeshuka. Vijiti navyo, usingoje kibaki kimoja. Njoo kopo likifika nusu, ili mzigo ukichelewa usikukute mikono mitupu."

Tukarudi na kopo jipya, na Mzee Kamili na lake.

Jumamosi iliyofuata asali ilikuja tena. Jioni, kabla sijauliza, Anisia akaninyooshea mikono. Monika akainama akaivuta harufu, kidole kwa kidole.

"Sabuni tupu, bibi. Mpime."

Tukapima. Kisha wakashika njia ya kwaya, wamechelewa, na hakuna aliyekimbia.