Mama Mkwe wa Toleo la Tano

Orval Teague alikutwa dukani kwake pa kutengenezea silaha, ameinamia meza yake ya kazi, shavu juu ya mkeka wa kusafishia bastola, kama mzee aliyepitiwa na usingizi wa mchana. Lakini ilikuwa saa mbili asubuhi ya Alhamisi, na damu ilikuwa imeteremka hadi sakafuni.

Risasi moja, kifuani. Karibu na mkono wa kulia ilikuwapo bastola yake mwenyewe, Corvane toleo la tano. Kushoto, kopo la mafuta na kitambaa. Katikati, magazini, kile kisanduku cha risasi cha mpinini, imetolewa na kulazwa vizuri, ina risasi kumi na nne.

Naibu wa sherifu Tolbert aliitazama picha hiyo mara moja tu, akakunja mikono.

"Afande, hii tunaifunga kabla ya chakula cha mchana," alimwambia Mpelelezi Della Roark. "Mzee katoa magazini, kasahau risasi iliyobaki kwenye chemba nyuma ya mtutu, kavuta kifyatulio ili aifungue aisafishe. Pu! Wangapi tumewazika hivyo?"

"Wengi," alisema Della. "Ila hao wengi walifundishwa na nani?"

Tolbert akautazama tena mwili.

Jibu lilikuwa limeinamia meza. Orval ndiye aliyefundisha nusu ya watu wa mji wa Harlow Bend kushika silaha. Della mwenyewe alifundishwa naye akiwa na miaka kumi na miwili, na kila alipoelekeza mtutu pabaya alipigwa kofi la kiganjani. Mtu wa namna hiyo azikwe kama mzembe? Mji mzima ungemcheka hadi kaburini. Della aliona afadhali achelewe chakula cha mchana.

Aliyeukuta mwili ni Shelby Pruitt, dereva wa lori la maziwa. Alikuwa amekaa nje kwenye ngazi, kofia magotini.

"Ulifuata nini asubuhi yote hii?"

"Kahawa. Na kugombana."

"Kugombana na nani?"

"Na yeyote, mama. Duka hili ndiyo kazi yake."

Hakusema uongo. Kila Jumamosi wanaume kumi na tano, na wanawake wawili waliowashinda wote kwa shabaha, walijaa dukani kwa Orval wakinywa kahawa chungu na kujadili Corvane. Kampuni ikibadilisha nukta ya kulengea kutoka nyeupe kuwa kijani, watu wananuniana wiki nzima. Mpini ukiongezwa mikwaruzo, mmoja anasema sasa ndiyo bastola, mwenzake anasema sasa ndiyo kikwangulio cha jibini. Toleo la nne na toleo la tano ukiyaweka pamoja, mgeni haoni tofauti. Wao waliona tofauti kama ya mbingu na ardhi, hasa moja.

Toleo la tano liliongezwa kipande cha chuma kidogo kuliko ukucha. Kazi yake moja: ukitoa magazini, bastola haifyatui, hata kama chemba ina risasi. Kampuni ilikiita kizuizi cha usalama. Watu wa dukani walikiita mama mkwe, kwa sababu hukumwalika, amehamia ndani, na anakukataza mambo kwenye nyumba yako.

"Wewe ulimtoa mama mkwe kwenye yako?" aliuliza Della.

"Nani hakumtoa? Orval alikuwa anakitoa kwa dakika kumi. Mpaka Aprili. Tangu Aprili akakataa katakata. Nilimletea bastola ya pili, akanirudishia. Akaniambia, 'Shelby, kaa na mama mkwe wako, jifunze adabu.' Nilimtukana, Mungu anisamehe. Leo nilikuja tuyamalize."

"Na bastola yake mwenyewe?"

"Hiyo? Alikuwa wa kwanza kukitoa. Wote tuliona. Royce Hadley wa klabu ya shabaha alipiga makofi."

Kwa hiyo, kwa maneno ya Shelby, hadithi ya Tolbert ilikuwa inasimama. Bastola isiyo na kizuizi, magazini nje, risasi chembani, ajali. Della aliitia bastola kwenye mfuko wa vielelezo na kuipeleka maabara hata hivyo.

Majibu yalikuja Ijumaa adhuhuri. Tolbert aliyaleta mwenyewe, na safari hii hakuwa na mzaha.

"Kizuizi kimo ndani, afande. Kimerudishwa kwa pini mpya. Wameijaribu mara thelathini bila magazini. Haikufyatua hata mara moja."

"Alama za vidole kwenye magazini?"

"Hakuna."

"Hata za Orval?"

"Hata za nzi. Imefutwa ikang'aa."

Della aliweka kikombe chini. Magazini ya mtu, kwenye meza ya mtu, haina kidole cha mwenyewe. Na bastola ilifyatuka magazini ikiwa ndani. Ikatolewa baadaye, mwenyewe akiwa ameshakufa. Aliyeitoa alijua vizuri ajali ya kusafisha bastola inavyofanana. Alichokosa kujua ni kwamba Orval alikuwa amekirudisha kizuizi kimyakimya.

"Siyo ajali," alisema. "Ni mtu wa dukani. Tena aliyemwona Orval akikitoa kizuizi, asimwone akikirudisha."

Alirudi kwenye meza ya kazi. Orval alikuwa na desturi ya mafundi wa zamani: kipande ukishakitoa kwenye silaha ya mtu, si chako, hukitupi. Kila mama mkwe aliyetolewa alitiwa kwenye bahasha ndogo, ikaandikwa namba, tarehe, jina la mwenye bastola na aliyeagiza kazi, kisha ikapangwa ndani ya kopo la biskuti. Della alizimwaga mezani na kuzipanga moja moja. Zilikwenda hadi arobaini na mbili. Alizipata arobaini na moja.

Ya kumi na saba haikuwepo. Ya kumi na nane ilikuwa ya Shelby Pruitt.

Alimpigia Shelby simu, naye yuko barabarani na maziwa yake.

"Shelby, Septemba mwaka jana. Ulipopeleka bastola yako kutolewa kizuizi, nani alikuwa mbele yako?"

Mngurumo wa lori ukapungua. Alikuwa ameegesha pembeni.

"Mama, usinitie kwenye hilo."

"Nani?"

"Royce Hadley. Alileta bastola mpya, zawadi ya binti yake, Corinne. Alikuwa ametimiza miaka ishirini na mbili. Royce alikuwa anacheka, anasema binti yake hataishi na mama mkwe kabla hajapata mume." Shelby akavuta pumzi. "Ndiyo hiyo bastola, mama. Ile ya Machi."

Della aliijua ya Machi. Faili lake alilitia sahihi yeye. Corinne Hadley, mwanafunzi wa uuguzi, alikuwa anasafisha bastola yake jikoni kwao, magazini imetolewa, ikafyatuka ikamuua. Ajali. Hakuna aliyeifungua bastola ile kutazama ndani. Baba yake alisema kizuizi cha kampuni kilishindwa kazi, na tangu hapo mama yake, Nadine, alikuwa akiiandikia kampuni barua kila mwezi akidai majibu.

Dukani watu kadhaa walijua hakukuwa na kizuizi cha kushindwa. Walinyamaza. Harlow Bend mtu aliyezika mtoto haulizwi kitu. Unampelekea bakuli la viazi na jibini, unamshika bega, unafunga mlango taratibu.

Della naye alipeleka bakuli lake.

Alishuka hadi ghala la vielelezo, akatoa bastola ya Corinne na kuifungua mbele ya Tolbert. Mahali pa kizuizi palikuwa tupu, pamesuguliwa vizuri kwa mkono wa fundi.

"Omba hati ya upekuzi," alisema. "Nyumba na gari."

* * *

Royce Hadley alikuja kituoni kwa hiari yake, amevaa shati la kanisani. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mwenyekiti wa klabu ya shabaha, mtu ambaye zamani ukimgusia toleo la tano alikuwa anasimama kwenye kiti kulilaani. Alisomewa haki zake. Akasema wakili wa nini, yeye kaja kusaidia.

"Nisaidie basi," alisema Della. "Wewe ndiye mjuzi. Toleo la tano, magazini nje, risasi chembani. Inafyatua?"

"Ikiwa kama ilivyotoka kiwandani, haifyatui. Ikishatolewa kile kipande, inafyatua."

"Ya Orval?"

"Orval alikitoa siku ya kwanza. Nilikuwepo."

"Kwa hiyo ya Orval inaweza kufyatua bila magazini."

"Ndivyo ilivyomuua, sivyo? Maskini mzee. Hata fundi hukatwa na chombo chake."

"Mara ya mwisho kuingia dukani kwake ni lini?"

"Kabla ya msiba wangu. Machi."

"Jumatano jioni?"

"Nimesema Machi, Della."

"Alikirudisha, Royce."

"Alirudisha nini?"

"Kizuizi. Baada ya kumzika Corinne alikirudisha kwenye bastola yake kwa pini mpya. Hukujua, kwa sababu hakumwambia mtu. Bastola ile bila magazini haifyatui. Aliyempiga Orval alipiga kwanza, ndipo akaitoa magazini na kuifuta."

Royce alifungua kifungo cha shingo cha shati lake.

Tolbert aliingia na mfuko mdogo wa nailoni, akauweka mezani. Ndani yake mlikuwa na bahasha. Waliikuta kwenye gari lake, nyuma ya kikinga jua. Ilikuwa na mwandiko wa Orval, herufi za kulala:

*17. Corinne Hadley. Kwa ombi la baba yake.*

"Ungeichoma," alisema Della kwa sauti ya chini. "Kwa nini hukuichoma?"

"Ina jina lake."

Akauinamia mfuko na kuanza kusema, bila kusukumwa.

"Nadine alimwendea Orval wiki iliyopita. Anataka fundi aiandikie ile kampuni kwamba kizuizi chao kibovu, barua zake wasizipuuze tena. Akamwendea Orval, kati ya watu wote! Orval akanipigia simu. Akaniambia, 'Royce, nimekaa kimya miezi saba, siwezi kuandika uongo. Mwambie mkeo kabla ya Jumamosi. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi.'"

"Ukaenda."

"Nikaenda Jumatano, anafunga duka. Nilimwomba. Della, nilipiga magoti kwenye vumbi la chuma pale. Akalia. Alilia kama mimi. Lakini akasema mikono yake ndiyo iliyokitoa, na hawezi kulala, na Nadine ana haki. Bastola yake ilikuwa mezani."

"Mkono wako ukaenda."

"Mkono wangu ukaenda. Akaniangalia tu. Hakujikinga hata." Royce alijifuta uso kwa kiganja kizima. "Halafu nikamfanyia ajali. Nilijua ajali inavyokaa. Niliikuta jikoni kwangu."

Della aliendelea kuandika.

"Corinne hakutaka kitolewe," alisema Royce. "Hilo hata Orval hakulijua. Aliniambia, 'Baba, kiache, mimi msahaulifu.' Nikamcheka. Nikamwambia binti wa Hadley hasahau. Nisingeweza kuja klabu na mtoto mwenye bastola ya kizuizi, wakati mimi ndiye niliyesimama kwenye kiti."

Aliposomewa maelezo yake ili atie sahihi, aliishika kalamu, akaiweka tena.

"Toa habari za Corinne. Andika nilimuua Orval kwa hasira tu. Tuligombana kuhusu bastola. Watu wataamini, tumegombana miaka. Nipewe kifungo cha maisha, nitakubali. Ila hilo litoe."

"Siwezi."

"Nadine atavumilia niitwe muuaji na bado ataleta sabuni gerezani. Hilo lingine hataliweza."

"Orval alifia hilo lingine, Royce. Nikilitoa, ninamzika tena kama mtu aliyekufa kwa ugomvi wa kahawa." Della aliisogeza karatasi karibu naye. "Ninachoweza ni kimoja. Nadine yuko kwenye ukumbi wa mbele. Alisikie kwako, asilisikie likisomwa na karani mahakamani."

Royce alitia sahihi.

Nadine Hadley aliingia na koti la manyoya la mumewe mkononi. Mtu alikuwa amemwambia selo za wilaya hazina joto. Aliliweka mezani, akakaa, mikono juu yake.

"Wamekutesa?"

"Hapana."

"Sasa mbona unatetemeka? Vaa."

"Nadine, subiri. Ile bastola ya Corinne." Alikuwa anaongea na meza. "Kampuni haikukosea. Kizuizi hakikuwemo. Mimi ndiye niliyempelekea Orval akitoe. Corinne alisema kiachwe. Mimi nilimcheka."

Nadine alimwangalia kama anayesoma barua ndefu hadi mstari wa chini. Barua saba alikuwa amewaandikia watu wasiohusika.

Kisha alisimama. Alilivuta koti kutoka mezani, akalikunja taratibu, mkono mmoja wa koti juu ya mwingine, akalikumbatia kifuani na kutoka nalo.