Pingamizi la Verlene

Desemba mjini Washington, saa kumi na moja jioni giza limeshatanda. Verlene Whitlow, mwongoza wageni katika jengo la Bunge, alikuwa amelimaliza kundi lake la mwisho, miguu inamuwaka moto, na kazi iliyobaki ilikuwa moja tu: amchukue mumewe waende nyumbani wakale samaki.

Mume mwenyewe alikuwa ukumbini, anajishangaa.

Ndiyo, anajishangaa. Ule ukumbi wa zamani wa Bunge wabunge waliuhama tangu enzi za mababu, ukajazwa sanamu za watu mashuhuri, kila jimbo na wa kwake. Sasa palikuwa na sanamu mpya chini ya shuka jeupe, kesho inazinduliwa. Ni ya Elias Whitlow, mvushaji wa pantoni huko kusini, aliyewavusha watumwa mtoni hadi akapigwa risasi. Picha yake haikubaki hata moja. Basi mchongaji akaona asihangaike. Akamchukua kitukuu, Ambrose, huyu mumewe Verlene, dereva wa basi mstaafu, akamkalisha kwenye kigoda, akamchonga yeye. Pua yake, masikio yake, mpaka kidevu chake cha ubishi. Jina la marehemu, sura ya mtu anayekula na kukoroma!

Ukoo mzima ulishangilia. Verlene hakushangilia, maana tangu sanamu ile ikamilike, Ambrose alikuwa anapoa.

Vidole vilianza. Ikafuata miguu. Akimgusa mkewe kitandani, mke anaruka. Madaktari wakapima damu, wakapima moyo, wakasema mzee uko salama, vaa soksi nzito. Soksi! Wawili hawa walioana wakiwa wameshapita umri wa miaka hamsini, kila mmoja ameshakata tamaa ya kupata mwenzi, na Verlene hakuwa tayari kumwachia mtu yeyote mume wake.

Mlangoni alimkuta Dunphy, mlinzi mzee, anapiga miayo.

"Mtoe haraka, bibie," Dunphy alinong'ona. "Ikija sanamu mpya, jioni yake humo ndani huwa na maneno."

"Maneno gani tena?"

"Huwa wanaikubali wao kwanza. Ndipo tunaizindua sisi."

"Dunphy, nenda kalale."

Alisema hivyo, lakini aliingia mbio.

Ambrose alikuwa amelifunua shuka na kusimama kando ya jiwe, amebana mikono vilevile kama sanamu.

"Haya sema, mama. Nani mzuri, mimi au huyu?"

"Huyu. Angalau hakoromi. Twende."

"Aa, wivu huo!" Akacheka. Kisha kicheko kikakatika. "Verlene... miguu haitaki."

"Haitaki nini?"

"Haitaki kunyanyuka."

Hapo ndipo harufu ilipomfikia. Moshi wa mishumaa. Tumbaku ya kutafuna. Makoti ya sufu yaliyolowa mvua. Na humo ndani hapakuwa na mshumaa, wala mtu mwingine yeyote.

Alipiga hatua kumwendea mumewe, akajikuta juu ya kigae kimoja maarufu cha sakafu ile. Kila siku huwachezea wageni mchezo wa kigae hicho: ukisimama hapo, mtu akinong'ona upande wa pili wa ukumbi unamsikia kana kwamba mdomo wake uko sikioni mwako. Watoto huupenda sana.

Sikio lake likapata baridi.

"...mwanachama mpya hajatimiza sharti..."

Akageuka. Sanamu tu. Marumaru na shaba, macho yasiyo na mboni.

"...bado yu hai..."

Sharti lenyewe Verlene alilijua, analikariri kwa wageni kutwa mara sita: haingii humu ila aliyekufa. Mchongaji alikuwa ameleta sura ya mtu aliye hai ndani ya nyumba ya wafu, na wenye nyumba walikuwa wameliona kosa.

"Hoja ni kwamba sharti litimizwe," ilisema sauti kavu ya mzee aliyezoea kusikilizwa. "Ipite kwa ridhaa ya wote. Kuna anayepinga?"



Ambrose akakohoa. Pumzi yake ikatoka nyeupe.

Mungu wangu! Verlene alizijua taratibu za Bunge kuliko wabunge wengine. Ridhaa ya wote, mtu mmoja akipinga, haipo. Mmoja tu anatosha!

"Napinga!" Sauti yake ikagonga kuba na kurudi. "Nasema napinga!"

Mahali fulani kiti kikalia, na viti havikuwepo.

"Pingamizi limesikika," ilisema sauti, taratibu, kwa heshima. "Mpingaji anatoka jimbo gani?"

Wazaliwa wa Washington wamechoka kuambiwa kwamba mji wao ni wa wapita njia, hakuna mwenyeji. Ukimuuliza mmoja wao kwao ni wapi, jibu linamtoka kifua mbele kabla hajafikiri. Na Verlene hakufikiri.

"Hapa hapa! Washington! Mimi, na mama yangu, na bibi yangu, wote tumezaliwa mji huu!"

Mara akakisikia alichokisema.

Mji wa Washington si jimbo, ni wilaya tu. Watu wake wanalipa kodi kama wenzao, wanakufa vitani kama wenzao, na bungeni hawana mtu wa kupiga kura. Lalamiko hilo wameliandika hadi kwenye vibao vya namba za magari yao. Verlene alikuwa nalo kwenye gari lake.

Kicheko kikavu kikapita ukutani, toka sanamu hadi sanamu.

"Wilaya haina kura. Pingamizi halipo."

"Maryland!" akapiga yowe, akitaja jimbo la jirani. "Nimekosea! Natoka Maryland!"

"Hoja imepita."

Nyundo ikagonga mbao. Mara moja.

Akamrukia mumewe na kumkumbatia kwa nguvu zake zote. Ambrose alikuwa amesimama, macho wazi, mikono imebanwa vilevile. Alikuwa baridi kama sakafu. Dunphy alipokuja mbio na kumshika bega, aliurudisha mkono wake haraka, akavua kofia.

Madaktari walisema ni moyo. Moyo uleule waliousifia! Uzinduzi uliahirishwa kwa wiki moja, kwa heshima ya msiba, kisha ukafanyika. Watu walipiga makofi. Mchongaji alilia, akasema hajawahi kuchonga kitu kinachofanana na mtu kiasi kile. Verlene angekuwa na nguvu angemzaba kibao.

Mwezi wa tatu aliuza nyumba ya bibi yake, akahamia Maryland. Barabara ni moja, upande huu wilaya, upande ule jimbo, duka la mikate linaonekana kutoka kote kuwili. Alijiandikisha kupiga kura siku hiyo hiyo, na karani alimpongeza.

Jioni, wageni walipoondoka, alikwenda akasimama juu ya kigae. Hakutazama sanamu ya Elias. Alingoja mpaka harufu ya tumbaku ikamjia.

"Verlene Whitlow," akanong'ona. "Wa Maryland. Naomba mume wangu aachiwe."

Ile sauti kavu ikaja, kwa heshima ileile:

"Mwombaji ana haki ya kusikilizwa. Ombi ni kwamba mwanachama aachiwe. Lipite kwa ridhaa ya wote. Kuna anayepinga?"

Verlene akafumba macho, akaanza kuhesabu pumzi zake.

"Napinga," ilisema sauti ya Ambrose, kavu na ya heshima kama ya wenzake.