Bido Moja Imepungua

IJUMAA, SAA KUMI ALASIRI

Chumba cha nyuma ya gereji, mtaa wa Cibitoke. Majambazi watatu, meza moja, bido moja ya esansi, kidumu cha petroli.

"Zilikuwa mbili," Birindwa alisema.

Birindwa, mvunja milango kutoka Bukavu, alimgeukia Libère, dereva. Libère ni mlevi, na mlevi hushukiwa kwanza.

"Usiniangalie mi," Libère alisema. "Mi nakunywa bia, sikunywi esansi."

"Ilivuja," Destin alisema. Yeye ndiye shefu wa kundi. "Tutafika tu. Mji mzima umekauka, polisi wenyewe hawana hata tone. Pikapu yao imelala mbele ya posti, mbuzi wanajikinga jua chini yake."

Hapo hakudanganya, na mpango wote ulisimama juu ya hilo. Kesho ni kazi za jumuiya. Mji mzima utatoka na majembe, magari hayatembei. Wao watapanda Kiriri, mlima wa matajiri, na majembe begani, raia wema kabisa, waingie kwa mnunuzi wa dhahabu wakati tajiri huyo yuko nje anapigwa picha akizibua mtaro. Kazi zikiisha, gari ya Libère, itakayolala huko huko, inawatelemsha hadi Gatumba, mpakani. Kisha Congo.

Destin alitoroka gerezani mwezi wa tatu. Akirudishwa, atatoka huko hana meno. Alilijua hilo vizuri, na bado alimpenda Nella, inspekta aliyepewa kazi ya kumsaka. Alimpenda tangu siku Nella alipomhoji akampa maji ya kunywa. Maji! Mwanaume mzima ananunuliwa kwa kikombe cha maji. Tangu atoroke anampigia simu kwa siri, na Nella anapokea, tena anacheka. Akili ni nywele, wanasema, na Destin walimnyoa gerezani.

JUMAMOSI, SAA TATU ASUBUHI

Kiriri ilikuwa imejaa majembe. Tajiri alisimama mtaroni na viatu vipya, anangoja mpiga picha. Destin alimsalimia kwa heshima, "Mwaramutse, muzehe," na tajiri akaitikia bila kumtazama. Watu wa Kiriri hawamtazami mtu mwenye jembe.

Birindwa alivunja mlango wa jikoni kwa bega. Mfuko wa dhahabu ulikuwa ndani ya friji, chini ya nyama. Tajiri mkubwa hivyo, akili za kuficha kama mwizi wa mboga. Walitoka na mfuko ndani ya ndoo, juu wameweka majani makavu.

SAA NNE NA NUSU

Kazi zilikwisha, barabara ikafunguliwa, Libère akawasha. Gari yake ni nzee na inakunywa kuliko mwenyewe. Waliteremka, wakazunguka mitaa ya kaskazini kukwepa vizuizi, wakashika njia ya Gatumba. Destin alianza kupiga mluzi.

SAA TANO

Gari ilikohoa mara mbili, ikasimama. Daraja la Rusizi lilionekana pale mbele.

"Esansi imeisha," Libère alisema. "Na ile bido ingine tungekuwa tumefika."

Hapo pikapu ikatokea upande wa daraja. Ya polisi. Inakimbia.

"Hawa wametoa wapi esansi?" Birindwa aliuliza.

Destin alikuwa anarekebisha kola ya shati. Birindwa alimwona, akachomoa bastola, akamwekea shingoni.

"Ulimupa nani bido?"

"Nella. Alisema hana ya kumufikisha hapa darajani. Alisema atavua uniforme, tuvuke pamoja."

"Mutu wa kukutafuta we. Ulimupa esansi. Yetu."

"We haumujui."

Birindwa alitaka kufyatua, kidole kilikuwa tayari. Lakini kumuua mpumbavu ni kwenda jela ya maisha kwa ajili yake. Alitupa bastola nje ya dirisha, akatema mate kwenye viatu vya shefu wake. Libère alikuwa amekwisha kuinua mikono.

Pikapu ilisimama. Nella alishuka ndani ya uniforme iliyopigwa pasi, askari wanne nyuma yake. Alifungua mlango mwenyewe.

"Uliniambia nikuje," alisema. "Nimekuja."

Destin alinyoosha mikono kabla hajaambiwa. Pingu zilifungwa. Alikuwa bado anamtafuta machoni, kama mtu aliyeleta zawadi anayengoja asante.

"Ilitosha?" aliuliza.

"Imebaki," Nella alisema. "Hata ya kukurudisha iko."