Nyuki wa Siku Tatu za Mvua

Kila asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, Chiriku alikwenda kuhesabu nyuki. Alipita kwenye mwanya wa ua uliotenganisha nyumba yao na chuo, akiwa ameshika daftari mkononi na penseli nyuma ya sikio, mpaka kwenye shamba dogo la maboga lililokuwa nyuma ya maabara. Maua ya maboga hufunguka alfajiri na kabla ya adhuhuri yameshajifunga, kwa hiyo anayetaka kuwaona nyuki wake sharti aamke mapema.

Jina la Chiriku alipewa na shangazi yake, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Huyo Shangazi, dada mkubwa wa baba yake, alikuwa mtafiti wa wadudu pale chuoni. Alitaka kujua jambo moja tu. Wakulima wengi hupiga dawa ya wadudu asubuhi, wakati nyuki wamejaa ndani ya maua. Je, wangesubiri mpaka jioni, maua yakiwa yamefunga, maboga yangezaa zaidi? Basi aliligawa shamba mara mbili. Upande wa kushoto ulipigwa dawa asubuhi na upande wa kulia ulipigwa jioni. Kazi ya Chiriku ilikuwa kukaa robo saa kila upande kabla dawa haijapigwa, na kuchora kijiti kimoja kwa kila nyuki aliyeingia katika ua. Alichora vijiti vinne vilivyosimama, na cha tano akakilaza juu ya vile vinne.

"Nyuki hawapendi redio," Shangazi alimwambia siku ya kwanza. "Hiyo ya kwako izime kwa nusu saa. Utaweza?"

"Nitaweza, Shangazi. Lakini nikiona nyuki mkubwa sana je, nisiseme hata kidogo?"

"Mwambie penseli."

Kila jioni Shangazi alilipiga picha daftari na kuiweka picha hiyo kwenye ukurasa wa watafiti mtandaoni. Ukurasa huo ulikuwa wazi kwa kila mtu. Mtafiti aliweka pale kazi yake, na watu wa mahali popote waliisoma, wakauliza na kubisha, naye akawajibu chini yake. Hakuna kilichofutwa. Kosa likigunduliwa, kazi iliyosahihishwa ilipewa namba mbili, na ile ya kwanza ilibaki ikionekana.

"Kwa nini hupeleki kwenye jarida kama zamani?" Chiriku aliuliza.

"Nilipeleka mwaka juzi. Walisoma wataalamu wawili ambao sikuambiwa majina yao. Nikangoja miezi kumi na sita, nikapata jibu la mistari miwili: msimu mmoja hautoshi." Shangazi alicheka, kisha akakohoa kwa muda mrefu. "Sina tena miezi kumi na sita, mwanangu. Wakati sisi tunangoja barua, watu wanaendelea kuwaua nyuki asubuhi."

Chiriku hakuyaelewa maneno hayo mpaka siku ambayo Shangazi alilazwa hospitalini.

Kabla ya kuondoka nyumbani alimshika Chiriku mabega. "Usiruke siku hata moja. Piga picha kwa simu ya baba yako, unitumie. Nitaiweka ukurasani nikiwa kitandani."

"Sitaruka, Shangazi."

Wiki mbili za kwanza hakuruka. Kisha ikaja mvua. Alfajiri hiyo ilipiga bati kama mtu amwagaye kokoto. Chiriku alifungua jicho moja, akasikiliza, akavuta shuka. Alipoamka saa nne, maua yalikuwa yameshafunga.

Alikaa kitandani na daftari magotini. Akamkumbuka Shangazi amelala na sindano mkononi, akingoja picha. *Usiruke siku hata moja.* Angemwambiaje kwamba ameruka? Jana yake nyuki wa upande wa kulia walikuwa kumi na tano. Basi akachora vijiti kumi na vinne upande wa kushoto, na kumi na vinne upande wa kulia. Kesho yake mvua ikanyesha tena, akachora kumi na saba na kumi na saba. Siku ya tatu akachora kumi na tatu na kumi na tatu. Vijiti vilikuwa vizuri na vimenyooka, kuliko vyote alivyowahi kuchora.

Siku mbili baadaye, swali likatokea chini ya picha hizo. Aliyeliandika alijiita Mpima Mvua. Alieleza kwamba alikuwa mtunza kituo cha hali ya hewa upande wa pili wa mji, na kwamba vipimo vyake vya kila siku naye huviweka mtandaoni. Aliandika: "Naiheshimu sana kazi hii. Ila siku hizi tatu kituoni kwangu mvua ilinyesha asubuhi yote, na nyuki haruki kwenye mvua. Tena naona kurasa nyingine zina matope na umande, lakini hizi tatu hazina hata tone. Naomba kufafanuliwa."

Jumamosi Chiriku alipokwenda hospitalini na baba yake, Shangazi alimwita karibu na mto. Sauti yake ilikuwa imekuwa nyembamba kama uzi.

"Chiriku, siku zile tatu ulikwenda?"

Ukweli ulikuwa pale pale mdomoni. Lakini Shangazi alikuwa amekonda mno, na macho yake yalimtazama kwa upendo mtupu.

"Nilikwenda. Mvua… mvua ilikatika kidogo, Shangazi."

"Ahsante. Nilijua." Akampapasa kichwa. Kisha akaandika kwenye simu yake: "Nakushukuru kwa swali zuri. Mvua ilikatika kidogo shambani kwetu. Anayenihesabia namwamini kama jicho langu mwenyewe."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho kwenye ukurasa ule. Jumatano iliyofuata, Mungu alimchukua.

Nyumba ilijaa watu, viti vya kuazima na harufu ya udongo mbichi kwenye viatu vya waliotoka makaburini. Chiriku hakusema neno siku nne. Watu walinong'ona, "Maskini, alimpenda sana shangazi yake," naye kila aliposikia hivyo alizidi kujikunyata. Wakati wa sala alifumba macho kama wengine, lakini hakuthubutu kumwomba Mungu kitu chochote.

Baba yake alikuwa fundi cherehani, na chumba chake cha kazi kilikuwa cha mbele, kinachotazama barabara. Siku ya tano alirudi kwenye cherehani, lakini hakushona. Alivaa miwani na kufungua simu ili asome mambo ya dada yake. Alisoma polepole, akifuata kila neno kwa kidole, huku Chiriku akiokota vipande vya nyuzi sakafuni.

Mpima Mvua hakuwa na habari za msiba. Alikuwa ameweka jedwali la saa kwa saa: siku zote tatu mvua ilianza saa kumi alfajiri ikaendelea mpaka saa nne asubuhi bila kukatika. Chini yake watu wengine walikuwa wameongeza yao. Mmoja aliuliza, kama siku tatu zina mashaka, zile nyingine ni za kuaminiwa vipi? Mwingine akaandika kwa kejeli: "Hao ni nyuki wenye miavuli."

Baba alivua miwani. "Chiriku, sogea unisomee hapa. Labda macho yangu yamechoka. Wanasema dada yangu ni mwongo?"

Chiriku alisimama na nyuzi zake mkononi.

"Mtu aliyekataa hata kuchukua kalamu ya ofisi!" Sauti ya baba ilipasuka. "Dada yangu, aliyenisomesha mimi! Udongo wa kaburi lake bado mbichi…"

"Mwongo ni mimi, Baba."

"Unasemaje?"

"Sikwenda. Siku zote tatu nililala. Nyuki niliwachora kitandani. Shangazi aliponiuliza, nikamwambia nilikwenda." Akaanza kulia kilio ambacho hakukilia hata makaburini. "Alikufa akiniamini, Baba. Alikufa akiniamini mimi!"

Chiriku alingoja kofi, na moyoni alilitamani. Lakini baba alinyoosha mkono, akamvuta, wakakaa wote wawili kwenye benchi la kupimia nguo.

"Tuombe kwanza," alisema. Aliomba kwa sauti ndogo, maneno machache: kwamba wapewe nguvu ya kufanya lililo sawa. Kisha akamfuta mwanawe machozi kwa kipande cha kitambaa, wakapita kwenye mwanya wa ua kwenda chuoni.

Maabarani walimkuta mwenzake Shangazi wa miaka mingi, mzee ambaye wanafunzi walimwita Darubini kwa unene wa miwani yake. Alimsikiliza Chiriku mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Mzee," baba alisema, akizungusha kofia mikononi, "huyu bado mtoto. Hatuwezi kuandika tu kwamba daftari liliroa, kurasa zikachanganyika? Jina la dada litasafika, na la mtoto halitatajwa."

Mzee Darubini alimtazama Chiriku.

"Hapana, Baba," Chiriku alisema. "Huo utakuwa uongo wa tatu. Na huu tutakuwa tumemwekea Shangazi mdomoni, naye hawezi kuukataa."

Baba aliinamisha kichwa.

Mzee Darubini alivuta kompyuta, akaziondoa zile siku tatu, akapiga hesabu upya. Alichukua muda. Chiriku aliitazama miwani ile, ambayo tarakimu zilikuwa ziking'aa ndani yake. Kama kazi yote ingeanguka, Shangazi angekuwa amekufa bure.

"Njoo uone," mzee alisema hatimaye. "Upande uliopigwa dawa jioni ulipata nyuki karibu mara mbili ya ule wa asubuhi. Kazi imesimama. Lakini tazama hapa: wewe uliandika namba zilezile pande zote mbili, ndiyo maana tofauti ikapungua. Ulidhani unamsaidia shangazi yako, mjukuu wangu. Ulikuwa unampunguzia."

Chiriku alitikisa kichwa kukubali.

"Nitaandika mimi marekebisho," mzee alisema. "Jina lako si lazima. Lakini maelezo andika mwenyewe."

Chiriku aliandika kwa vidole viwili:

"Mimi ndiye niliyehesabu nyuki. Nina miaka kumi na miwili. Siku tatu za mvua sikwenda shambani. Namba nilizitunga. Shangazi yangu aliniuliza, nikamdanganya. Yeye hakusema uongo, aliniamini. Alifariki Jumatano. Siku zote nyingine nilikwenda, na matope yapo kwenye kurasa. Naomba msimwite mwongo."

Kisha aliyeandika habari za miavuli akaomba radhi. Watu wa miji ya mbali wakaandika pole. Mkulima mmoja akauliza dawa ya jioni hupigwa saa ngapi hasa, na Mzee Darubini akamjibu. Mwisho kabisa akatokea Mpima Mvua.

"Poleni kwa msiba. Nimepima mvua miaka thelathini na moja. Mwaka mmoja niliugua wiki nzima, nikajaza vipimo kwa kukisia. Hakuna aliyeniuliza, kwa sababu wakati huo daftari langu lilikaa kabatini na hakuna aliyeliona. Leo mtoto amenifundisha. Kesho nitaziweka wazi siku zile na kuandika kwamba sizijui."

Baba alisoma maneno hayo mara mbili, kidole kikifuata kila mstari.

Msimu uliofuata maboga yakapandwa tena, safari hii Mzee Darubini akiwa msimamizi. Asubuhi ya kumi na moja mvua ilipiga bati. Chiriku aliamka, akavaa koti la baba lililomfika magotini, akapita kwenye mwanya wa ua. Mzee Darubini alimkuta amechuchumaa mbele ya ua lililojaa maji, na daftari ndani ya mfuko wa plastiki. Ukurasani aliandika: "Mvua. Nyuki hakuna hata mmoja. Nilikuwapo."

"Ningependa Shangazi aione hii," alisema. "Hakuwahi kusikia ukweli kutoka kwangu, Mzee. Hilo siwezi kulisahihisha tena."

Mzee alikaa naye pale kwenye unyevu, akamwinamishia mwavuli.

"Huwezi," alisema. "Kuna makosa yanayobaki katika toleo la kwanza, na kila mtu atayaona, nawe utayaona kila siku. Ubebe hilo, wala usilifiche. Lakini shika na hili, mwanangu. Shangazi yako alipokwambia usiruke siku, hakuwa akitaka namba. Alitaka macho yako yawepo. Siku tupu si aibu kwa mtafiti, wala kwa mtu yeyote. Aibu ni kuijaza kwa kitu ambacho hukukiona. Na ukishaijaza, sema mapema, wakati unayepaswa kumwambia bado yupo."

Chiriku alilifuta daftari kwa mkono wa koti. Tone moja lilikuwa limepenya mfuko na kuangukia ukurasa. Aliliacha likauke lenyewe.